Bunduki ya Mtaliano kutoka Uhabeshi: ninunue, na niijaribuje?

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Columbus, Ohio, nina grini kadi. Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa keya (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza Afrika Mashariki), batalioni ya sita, akapigana na Wataliano Uhabeshi mwaka 1941. Juzi nimekuta dukani bunduki ya Carcano iliyokuwa ya jeshi la Italia, bei dola 260. Muuzaji anasema imeletwa na shehena kutoka Ethiopia, na kwamba huenda ilipigana Adwa. Mbao ina ufa mdogo karibu na triga, na ndani ya mtutu ni peusi. Nilipita JKT zamani nikashika SMG, lakini bunduki ya kuvuta bolti sijawahi kuigusa. Je, ninunue? Nikishanunua niijaribuje bila kujiumiza? Na je, siku moja naweza kuipeleka Songea mzee wangu aione?

JIBU: Marahaba, mjukuu wa keya.

Aina uliyoichagua ni nzuri. Hiyo moja uliyoiona, kwa maelezo uliyonipa, usiilipie bado. Kuna mambo mawili ya kuangalia kwanza, na yote mawili yanaangaliwa palepale dukani, wala hayahitaji zaidi ya robo saa.

Tuanze na hiyo hadithi ya Adwa, kwa sababu naona ndiyo inayokuvuta mkono kuelekea mfukoni. Vita vya Adwa, ambako Wahabeshi waliwashinda Wataliano, vilikuwa tarehe 1 Machi 1896. Carcano ilikuwa imeshakubaliwa na jeshi la Italia tangu 1891, kwa hiyo ukipiga hesabu ya miaka, hadithi inaingia. Lakini askari wa Italia waliopelekwa Adwa wengi wao walibeba bunduki ya zamani zaidi, Vetterli. Muuzaji hakudanganyi kwa makusudi. Anarudia alichosikia, na jina la Adwa linaongeza bei. Carcano nyingi zilizobaki Ethiopia zina uhusiano na vita vingine: uvamizi wa Mussolini wa 1935 na kushindwa kwa Italia 1941. Na hapo ndipo babu yako anapoingia, tena kwa haki kabisa. Majeshi yaliyotoka Kenya yalichukua Mogadishu mwezi Februari 1941, yakaingia Addis Ababa tarehe 6 Aprili, na Wataliano wa mwisho wakasalimu amri Gondar tarehe 27 Novemba. Batalioni ya sita ilikuwa ya Tanganyika. Sajenti wao mmoja, Nigel Leakey, alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Mwingereza, baada ya kuuawa Colito mwezi Mei mwaka huohuo. Silaha za walioshindwa zilibaki nchini humo, zikazeeka katika maghala, na miaka ya karibuni zimekuwa zikiuzwa Marekani kwa mafungu. Kwa hiyo hutaweza kuthibitisha kwamba hiyo bunduki ilimlenga babu yako, ila ni ya jeshi lililomlenga. Babu mwenyewe alibeba Lee-Enfield ya Mwingereza, ambayo leo ikiwa katika hali nzuri itakugharimu zaidi ya mara mbili ya hizo 260.

Sasa jambo la kwanza, mtutu. Bunduki ya jeshi iliyozeeka ni mtutu na chumba cha risasi. Vingine vyote, mbao, skrubu, mkanda, springi, vinapatikana au vinarekebishika. Mtutu wa Carcano uliokwisha haurekebishiki kwa bei yoyote yenye akili. Bunduki za Kirusi zilizouzwa huku kwa wingi miaka ya nyuma zilikuwa zimepitia karakana na kupakwa grisi nzito kabla ya kuhifadhiwa. Hizi za Ethiopia hazikubahatika hivyo. Zilitumika, zikapita mikono mingi, zikawekwa zilivyo. Nimepokea moja ambayo shingo ya kitako ilikuwa imefungwa kwa waya na kufunikwa ngozi, kazi safi ya fundi wa kijijini, na nilipoitazama ndani ya mtutu nikaona kama bomba la maji la nyumba ya mkoloni. Nyingine, chafu vilevile kwa nje, ilitoa weusi wote baada ya saa mbili za kusugua na ikabaki na mifereji mikali kana kwamba imetoka kiwandani.

Kwa hiyo weusi peke yake hausemi kitu. Inaweza kuwa uchafu, inaweza kuwa kutu. Mwombe muuzaji atoe bolti, yaani lile komeo la chuma unalolivuta kwa mkono, kisha apitishe mdeki, ile fimbo ya kusafishia mtutu, wenye kitambaa chenye mafuta mara tano au sita. Halafu mulika tochi ya simu upande wa chumba, nawe utazame kutokea mdomoni. Ndani ya mtutu wa Carcano kuna mifereji minne inayozunguka kulia. Unatafuta kingo zake. Zikiwa zinaonekana wazi mpaka mdomoni, hata kama kuta zina vidoadoa vya kutu kama chapati iliyoungua, bunduki hiyo bado ina maisha. Kingo zikiwa zimeyeyuka, hasa sentimita chache za mwisho kabla ya mdomo, iache. Mwenye duka akikataa kutoa bolti au kupitisha kitambaa, jibu umeshalipata.

Mdomo wa mtutu una jambo lake katika Carcano, na wauzaji wengi hawalijui. Mtaliano alichonga mifereji isiyozunguka kwa mwendo mmoja. Inaanza kwa kujipinda polepole karibu na chumba, halafu inazidi kukaza jinsi risasi inavyokaribia kutoka. Katika bunduki ndefu ya 1891 hilo halina tatizo. Tatizo liko kwenye zile zilizoitwa 91/24: baada ya Vita vya Kwanza walichukua bunduki ndefu wakazikata ziwe fupi. Walichokata ni ile sehemu ya mbele yenye mzunguko mkali kuliko yote. Risasi inatoka bila kuzunguka vya kutosha, inayumba. Pima urefu kwa futi ya fundi: ndefu ya asili ina karibu sentimita 128, ile fupi ya 91/38 ina karibu 102, na makabaini, yaani zile fupi zaidi, yako kwenye 92 hivi. Ukiona ya sentimita 92, uliza ni ya mfano gani kabla ya kuuliza bei, maana 91/24 nazo zina urefu huo. Mimi ningekushauri uchukue ndefu. Haipendezi garini, lakini inapiga kwa upole, na mjukuu wa keya akiishika anaelewa kwa nini watu wa zamani walipigwa picha wakiwa wameegemea bunduki kama fimbo.

Pia soma maandishi ya kwenye kilengeo cha nyuma. Ukiona CAL. 7,35 usiichukue, hata wakupunguzie. Hiyo ni ya mwaka 1938, walipojaribu kubadili kipenyo wakaghairi vita vilipoanza, na risasi zake kuzipata ni kazi ya kudumu. Unayoitaka ni ya milimita 6.5. Juu ya mtutu utakuta jina la kiwanda, Terni au Brescia kwa mfano, na mwaka. Zile za enzi ya Mussolini huwa pia na mwaka wa chama chake kwa namba za Kirumi, XVI ukiwa ni kati ya Oktoba 1937 na Oktoba 1938. Basi hata tarehe ya mtutu itakusaidia kumtoa muuzaji Adwa. Akikwambia bei ni kubwa kwa sababu namba ya bolti inalingana na ya mtutu, tabasamu tu: bolti za Carcano kwa kawaida hazikupigwa namba ya bunduki.

Ufa wa mbao ulio karibu na triga uangalie kwa makini, maana hapo ndipo mshtuko wa risasi unapotua. Ufa wa juu juu unaofuata mstari wa mti unazibwa kwa gundi. Ukiwa umepita upande wa pili, kila risasi itaupanua, nawe unanunua kitako kipya. Punguza bei kwa kiasi hicho au ondoka.

Jambo la pili la dukani ni klipu. Wewe umezoea SMG, magazini yake unaijaza, unaipachika, basi. Carcano haina magazini ya kutoa. Risasi sita zinakaa ndani ya klipu ya bati au shaba, klipu nzima inasukumwa ndani kutoka juu, na risasi ya mwisho ikiingia chumbani klipu inadondoka yenyewe kwenye tundu la chini. Bila klipu, risasi hazipandi. Na usije ukatumbukiza risasi moja kwa kidole chumbani ukafunga bolti kwa nguvu, kwa sababu kucha ya bolti imetengenezwa ishike ukingo wa ganda linapopanda kutoka chini. Ukilazimisha iruke juu ya ukingo, siku moja itavunjika. Ukitaka kupiga moja moja, weka risasi moja ndani ya klipu. Kwa hiyo muulize: ina klipu ngapi? Bunduki ya dola 260 isiyo na klipu hata moja ni ya kupunguziwa. Nunua nne au tano, si ghali.

Kilicho ghali ni risasi, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wanaona bunduki ya bei nafuu, hawaulizi chakula chake. Boksi la risasi 20 mpya za 6.5 Carcano mara nyingi linazidi dola 25, na si kila duka linazo. Ukifikisha risasi 100 umeshatumia karibu nusu ya bei ya bunduki. Risasi za zamani za Kitaliano, zile za miaka ya thelathini na arobaini zinazouzwa kwenye maonyesho zikiwa kwenye klipu zake nzuri, nunua moja ya kuweka kabatini ukitaka. Usizipige. Maganda yamekakamaa, nyingine haziwaki, na nyingine zinawaka kwa kuchelewa, wewe umeshaanza kufungua bolti. Fataki zake, vile vidude vya kwenye kitako cha ganda vinavyowasha baruti, pia huacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi inavuta unyevu, na kesho yake una kutu. Mtu akikulazimisha kupiga risasi za namna hiyo kwenye bunduki yoyote, osha mtutu kwa maji ya moto siku ileile kabla ya mafuta. Mafuta hayayeyushi chumvi.

Kuna siri moja ya risasi inayoeleza kwa nini Carcano ina sifa mbaya ya kutolenga. Mtutu wake ulichongwa kwa kichwa cha risasi chenye kipenyo cha milimita 6.8 hivi. Risasi nyingi za 6.5 za leo, za aina zote, zina kichwa cha milimita 6.7. Tofauti ni sehemu moja ya kumi ya milimita, lakini ndani ya mtutu uliochakaa inatosha kichwa kupita bila kuishika mifereji vizuri. Ukiona matundu yametawanyika kwenye karatasi kama mbegu za mtama, usiitukane bunduki mapema. Watu wanaojitengenezea risasi hutafuta vichwa vya kipenyo kile cha zamani, na tofauti huonekana.

Kuhusu ununuzi wenyewe. Kwa grini kadi unaruhusiwa na sheria ya shirikisho. Dukani utajaza fomu namba 4473, utaonyesha kitambulisho cha Ohio chenye anwani unayoishi sasa, na utaandika namba yako ya uhamiaji. Wahamiaji wengi huisahau kadi nyumbani wakarudishwa. Kisha duka linauliza FBI, na jibu ni endelea, subiri au hapana. Swali la kama wewe ndiye mnunuzi halisi lijibu kwa ukweli. Kumnunulia rafiki aliyekataliwa ni kosa la jinai, na kwa mhamiaji linaweza kuigusa hata hiyo kadi yenyewe. Na binamu yako akija kutembea kwa viza, usimpe ajaribu hata risasi moja uwanjani. Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi kushika silaha wala risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni ya kuwinda. Wapo waliodhani kushika tu si kumiliki.

Ikiwa mwaka ulio kwenye bunduki ni 1898 au kabla, sheria ya shirikisho inaihesabu kuwa kitu cha kale na haidai fomu ile, ingawa majimbo yana sheria zao. Na ukijikuta unataka ya pili na ya tatu, hali inayowapata wengi, kuna leseni ya mkusanyaji: dola 30 kwa miaka mitatu, inakuruhusu kununua bunduki zilizotimiza miaka 50 na kuletewa mlangoni. Kuletewa bunduki mlangoni zamani kulikuwa kwa kila mtu. Ilikuwa Carcano, ya aina ya 91/38, iliyoagizwa kwa posta mwezi Machi 1963 kwa dola 21 na senti 45 pamoja na darubini na gharama ya kutuma, na ndiyo iliyomuua Kennedy. Sheria ya 1968 iliyofunga biashara ya posta ina mkono wa bunduki hii.

Haya, umeshainunua. Kabla ya risasi yoyote, ifungue uisafishe kwa kiyeyushi cha grisi, si mafuta pekee, chumba zaidi ya mtutu. Grisi iliyoganda chumbani hufanya bolti ikakamae baada ya kupiga, na watu wakapiga nyundo wakidhani ni kasoro. Kisha ipeleke kwa fundi wa bunduki apime nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi kwa vile vipimo vyake vya chuma. Bolti hizi zimechanganywa ghalani kwa miongo, na nafasi ikizidi, ganda linaweza kupasuka na kutoa moshi wa moto kuelekea jichoni pako. Kazi ya dakika kumi, nayo usiiruke hata kama mtu amekuapia.

Siku ya uwanja wa shabaha, vaa miwani na viziba masikio, na uende siku isiyo na watu wengi. Mimi bunduki nisiyoijua siipigi begani mara ya kwanza. Naifunga kwenye tairi kuukuu la gari, mtutu ukielekea kwenye tuta, natia klipu yenye risasi moja, nafunga bolti, nakaa nyuma ya kizuizi na kuvuta triga kwa kamba ndefu. Watu uwanjani watacheka. Waache. Uliza kwanza msimamizi kama anaruhusu. Usipoisikia ikilia, hesabu mpaka sitini, mtutu ukiwa bado umeelekea tuta, ndipo uende kufungua.

Okota ganda ulisome, maana linaeleza kilichotokea chumbani. Fataki iliyojitokeza nje ya kitako chake, pete inayong'aa ikizunguka ganda juu kidogo ya kitako, au ufa mahali popote: simama hapo, rudi kwa fundi. Ganda likiwa laini na la umbo lake, rudia kwa kamba mara mbili tena. Ndipo uibebe begani.

Sasa mkono wako wa JKT utakusumbua kidogo. SMG inajipakia yenyewe, hii haijipakii, nawe utasahau. Utavuta bolti nusu nusu kwa woga na ganda litakwama. Ivute yote mpaka igome, isukume yote mpaka igome, bila huruma. Anza yadi 25 kwenye karatasi kubwa, usikimbilie 100. Utapiga juu, karibu kila mtu hupiga juu. Kilengeo cha bunduki ndefu, kikilazwa mbele kabisa kwa mapigano ya karibu, kimewekwa kwa mita 300, na cha 91/38 kimefungwa kwenye mita 200 bila kubadilika. Usikwangue vyuma. Zamisha ncha ya kilengeo cha mbele chini kabisa ya pengo la nyuma, kama walivyofundishwa wenyewe, halafu lenga chini ya duara. Piga tano, pumzika ipoe, piga tano. Risasi 20 siku ya kwanza zinatosha, na andika kila kundi limeangukia wapi.

Kuhusu Songea. Hapana, na usijaribu hata kipande kwenye mizigo. Kuitoa Marekani kunahitaji kibali cha Marekani, kuiingiza Tanzania ni suala la Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na silaha ya kijeshi mkononi mwa raia haitazamwi huko kama kumbukumbu ya babu. Mtumie mzee picha, ukiwa umesimama nayo wima pembeni kama walivyopigwa wale wa 1941, bolti ikiwa wazi. Halafu ile karatasi ya kwanza ya shabaha, yenye matundu yake yaliyotawanyika, ikunje uitie kwenye bahasha. Hiyo inapita posta bila maswali.